Reli ya Kijeshi ya Longmoor na Vichwa Vyake vya Mvuke: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akisikia kwamba jeshi la Uingereza liliwahi kuwa na reli yake ya kufundishia, yenye stesheni, ratiba na vichwa vya mvuke vilivyopakwa rangi ya buluu, maswali hufuatana. Yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi. Mengine yana majibu mafupi, mengine hayakubali kufupishwa.

Longmoor ni wapi?

Ni kambi ya jeshi katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwenye nyika ya mchanga, magugu na misonobari. Reli yenyewe ilianzia Bordon upande wa kaskazini, ikapita Longmoor, na hatimaye ikafika Liss, kwenye njia kuu ya treni ya kwenda Portsmouth. Safari nzima haikuzidi kilomita 15.

Hivi ni kweli haikuwa inakwenda popote?

Karibu na kweli. Reli ya kawaida hupimwa kwa abiria na tani za mizigo. Longmoor ilipimwa kwa watu waliotoka pale wakiwa wanajua kazi: madereva, watia makaa, walinzi wa treni, wapanga swichi, mafundi wa madaraja, wakuu wa stesheni. Treni zilikuwa na ratiba na zilikuwa zikibeba askari na vifaa vya kambi, lakini hilo lilikuwa jambo la pembeni. Kipande cha reli kikikamilika na kikaanza kwenda vizuri, kundi linalofuata lingeweza kuambiwa likifumue na kukitandika upya. Anayetazama ramani zake za miaka tofauti asishangae kuona matawi yanaota na kutoweka.

Kwa nini jeshi lihitaji shule ya reli? Si wangeajiri raia?

Walijaribu. Katika Vita vya Krimea, mwaka 1855, reli ya kupeleka mizinga na chakula kutoka bandari ya Balaklava ilijengwa na wakandarasi wa kiraia. Ilifanya kazi, ila vita vilivyofuata vilikuwa mbali zaidi na vigumu zaidi.

Funzo kubwa lilitoka Sudan. Mwaka 1897 Kitchener, jenerali aliyeongoza vita vya Uingereza huko, aliamua kukata jangwa la Nubia kwa reli, kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, ili asifuate mzingo mrefu wa mto Nile pamoja na maporomoko yake. Kazi alimpa Percy Girouard, Mkanada kijana wa kikosi cha wahandisi, Royal Engineers, aliyekuwa amefanya kazi kwenye reli ya Canadian Pacific kabla ya kuingia jeshini. Zaidi ya kilomita 350 za mchanga mtupu, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo reli ilikuwa Abu Hamed. Kwa maoni yangu vita vya Sudan viliamuliwa hapo, kabla ya risasi za Omdurman, pigano kubwa la mwaka 1898.

Kisha vikaja Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902. Jeshi la Uingereza lilitegemea reli kwa kila kitu, na Makaburu walilijua hilo. Walilipua madaraja, waling'oa reli, walitega baruti chini ya mataruma, zile nguzo za kulala zinazobeba reli. Girouard alipewa usimamizi wa reli zote za kijeshi kule, na kazi yake ya kila siku ikawa kuziba matundu. Vita vilipokwisha, wakubwa wa London walikuwa wameelewa kwamba fundi wa reli hawezi kutafutwa siku baruti inapolia. Inabidi awe tayari ameshafundishwa.

Kuna uhusiano wowote na huku kwetu Afrika Mashariki?

Upo, na unaanzia kwa mtu huyohuyo. Girouard aliletwa Nairobi mwaka 1909 kuwa gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, akakaa hadi 1912. Tawi la reli la kwenda Thika lilianzishwa wakati wake.

Uhusiano wa pili ni wa kivita. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, kila upande uliandama reli ya mwenzake. Vikundi vya Wajerumani vilivuka mpaka kutoka upande wa Kilimanjaro na kulipua Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa. Waingereza nao wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau hadi Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Kijerumani ya Tanga–Moshi pale Kahe. Kazi kubwa ilifanywa na vikosi vya reli vya jeshi la India. Mwaka huohuo Wajerumani waliporudi nyuma wakifuata Reli ya Kati, waliyokuwa wameifikisha Kigoma mwaka 1914, walivunja madaraja nyuma yao. Anayesafiri leo kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa njia ya zamani anapita juu ya maeneo ambayo wahandisi wa jeshi walilazimika kuyajenga upya chini ya jua kali huku wanaumwa malaria.

Kwa hiyo zoezi la kuvunja daraja na kulisimamisha tena, lililofanywa Hampshire kwa utulivu na chai saa nne, huku lilifanywa kwa damu.

Ilianzaje?

Kwa kuhamisha nyumba, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika historia nzima. Baada ya Vita vya Makaburu jeshi lilijenga mabanda ya askari Longmoor, kisha likagundua kwamba ardhi yake ni chepechepe mno. Badala ya kuyabomoa, mwaka 1903 vikosi vya reli vya Royal Engineers viliamriwa kuyapeleka Bordon yakiwa mazima. Yalikuwa 68. Wahandisi walitandika njia mbili za reli nyembamba, kila moja yenye upana wa inchi 18, sambamba kupita nyikani. Banda liliinuliwa kwa jeki, likaketishwa juu ya vitoroli vya njia zote mbili kwa pamoja, likavutwa polepole hadi makao mapya. Fikiria ugumu wake: njia moja ikizama kwenye tope kuliko nyingine, banda zima linainama. Kwa askari mwanafunzi, hilo ni somo la kusawazisha reli ambalo hakuna ubao wa darasani unaoweza kulitoa.

Mabanda yalipokwisha, njia ikabaki. Kuanzia 1905 ilibadilishwa kuwa ya upana wa kawaida, milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR za Kenya na Tanzania. Mwaka huohuo tawi la reli ya kiraia kutoka Bentley lilifika Bordon, na reli ya jeshi ikapata mlango wa kutokea kwenye mtandao wa nchi nzima. Jina lake la kwanza lilikuwa Woolmer Instructional Military Railway. Likabadilishwa kuwa Longmoor Military Railway mwaka 1935, miaka miwili baada ya njia kufikishwa Liss.

Mwanafunzi alifundishwa nini hasa?

Karibu kila kitu ambacho kampuni ya reli hufanya. Kupima ardhi na kuweka tuta. Kutandika mataruma, kumwaga kokoto, kufunga reli na kupinda kona. Kujenga daraja la mbao au la chuma cha vipande na kulibomoa kwa baruti. Kuendesha treni, kupanga mabehewa yadini, kusoma ishara, kutuma taarifa kwa telegrafu na simu, kuandika karatasi za mizigo. Hili la mwisho watu hulidharau. Treni ya risasi iliyopelekwa stesheni isiyo yake kwa sababu ya karatasi iliyokosewa ni hasara sawa na treni iliyolipuliwa.

Jambo la nidhamu lililosisitizwa sana ni njia moja. Treni mbili zikitumia reli moja kwa kupishana, lazima kuwe na utaratibu wa kuhakikisha ni moja tu iliyo kwenye kipande husika. Kwenye reli nyingi za mvuke dereva alikabidhiwa kijiti au kisahani cha chuma. Bila hicho mkononi, haondoki, hata kama anaiona njia nyeupe mbele yake na afisa anampigia kelele.

Mwaka 1942 ulikamilishwa mzunguko wa Hollywater, na hapo treni zikaweza kuzunguka bila kufika mwisho. Kwa reli nyingine hilo lingekuwa kichekesho. Kwa shule, maana yake ni kwamba dereva mwanafunzi anaweza kuendesha saa nane mfululizo, mchana na usiku, akipita ishara zilezile kila zamu na kuulizwa kwa nini safari hii amechelewa.

Walikuwa wanaangusha treni makusudi?

Ndiyo. Kichwa au behewa liliachishwa njia kwa mpango, kisha kikosi cha uokoaji kikaitwa kikiwa na kreni ya mvuke, jeki, mbao na minyororo. Kurudisha relini chuma cha makumi ya tani ni kazi ya subira. Unaanza kwa kuuliza uzito umelalia wapi, si kwa kuvuta. Kreni ikinyanyua bila miguu yake kutandazwa vizuri, nayo inalala, na sasa una matatizo mawili.

Kichwa cha mvuke kinafanyaje kazi?

Maelezo ya shuleni ni rahisi: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu. Yote kweli, lakini hayakusaidii ukiwa umesimama kwenye chumba cha dereva.

Mbele yako kuna mlango wa tanuri. Moshi wa moto haupandi moja kwa moja. Unapita ndani ya mabomba mengi yanayovuka boila kwa urefu, na maji yanayazunguka mabomba hayo. Mvuke unakusanyika juu ya maji. Dereva akivuta mkono wa kufungulia, mvuke unakwenda kwenye silinda mbili huko mbele, unasukuma pistoni kwenda na kurudi, kisha unatoka kupitia dohani. Ule mlio wa *chu-chu* ni mvuke uliokwisha kazi ukitoka. Na hapa pana ujanja mzuri: unapotoka kwa nguvu unavuta hewa kupitia tanurini, kwa hiyo kichwa kikifanya kazi zaidi, moto nao unawaka zaidi wenyewe.

Sasa tazama ukuta wa boila. Kuna kioo chembamba cha wima kinachoonyesha kimo cha maji ndani. Mtia makaa anakiangalia kuliko anavyoangalia njia. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, bati la paa linabaki na moto chini bila maji juu. Linalainika, na shinikizo la boila linalisukuma chini. Hiyo ndiyo milipuko iliyoua watu zama za mvuke. Kwa tahadhari, paani huwekwa vizibo vya madini laini ya risasi ambavyo huyeyuka mapema na kumwaga mvuke juu ya moto. Kizibo kikiyeyuka hakuna maafa, lakini mtia makaa atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Kumbuka shinikizo linalozungumziwa. Vichwa vikubwa vya kijeshi vilifanya kazi kwa pauni 225 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama 30.

Kutia makaa nako kuna ufundi. Mwanafunzi mpya hujaza koleo na kutupa rundo katikati, moshi mweusi unatoka, sindano ya shinikizo inashuka. Anayejua hutia kidogo kidogo na mara kwa mara, anatawanya: nyembamba mbele, nene kwenye pembe za nyuma karibu na mlango. Moshi mweusi mzito ni makaa yanayopotea angani, na vitani ni alama ya kuwaambia adui mko wapi.

Namba kama 0-6-0 au 2-10-0 zina maana gani?

Ni hesabu ya magurudumu: yale madogo ya mbele ya kuongoza, ya katikati yanayovuta, na madogo ya nyuma. Kichwa cha 2-10-0 kina magurudumu mawili ya kuongoza na kumi ya kuvuta.

Ni vichwa gani vilivyopita Longmoor?

Vya kila namna, kwa sababu jeshi lilichukua vilivyopatikana, na kwa shule mchanganyiko ni faida: askari hajui atakutana na kichwa gani nchi ya watu. Vinavyokumbukwa zaidi ni vile vya kubana matumizi vya Vita Kuu ya Pili.

Kidogo kilikuwa 0-6-0 cha kubeba maji yake juu ya boila kama tandiko, kilichobuniwa na kiwanda cha Hunslet cha Leeds. Jeshi lilijengewa 377, na viwanda kadhaa. Vikubwa vilibuniwa na Robert Riddles: 2-8-0, vilivyojengwa 935, na 2-10-0, vilivyojengwa 150 huko Glasgow. Wazo la Riddles lilikuwa kupunguza kila kisicho lazima. Hakuna urembo, hakuna chuma ghali pale penye mbadala wa bei nafuu. Kwa 2-10-0 aligawa uzito kwenye magurudumu mengi ili kila ekseli ibebe kama tani 13 na nusu tu, kichwa kiweze kupita kwenye reli dhaifu zilizotengenezwa haraka. Magurudumu ya katikati hayakuwa na ukingo wa kushika reli, la sivyo mashine ndefu hivyo isingekata kona.

Mashuhuri kuliko wenzake Longmoor ni 2-10-0 namba 600, *Gordon*, iliyojengwa 1943. Jina ni la Jenerali Charles Gordon aliyeuawa Khartoum mwaka 1885, naye alikuwa ofisa wa Royal Engineers. Mwenzake mmoja aliitwa *Kitchener*. Majina haya kwa msomaji wa Sudan yana ladha nyingine kabisa, na ana haki.

Huku kwetu, Wizara ya Vita ya Uingereza iliagiza katika vita hivyo Garratt, vile vichwa virefu vyenye seti mbili za injini chini ya boila moja, na baadhi vilifanya kazi kwenye reli ya Kenya na Uganda.

Vita Kuu mbili ziliibadilishaje?

Ya kwanza iliigeuza kutoka shule ndogo ya vikosi vichache kuwa chanzo cha jeshi zima la watu wa reli. Kikosi cha uendeshaji, ROD, kiliundwa 1915, na wanaume waliokuwa tayari wanafanya kazi reli za kiraia walipitia Longmoor kuvalishwa sare kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa. Kikosi hicho kilijengewa vichwa 521 vya 2-8-0 kwa muundo wa kampuni ya Great Central.

Ya pili iliijaza hadi pomoni. Ilibidi kufunguliwa tawi jingine la mafunzo kule Derbyshire, kwenye njia ya Melbourne, lililodumu hadi mwishoni mwa 1944. Pale Liss, mwaka 1942 reli ya jeshi iliunganishwa rasmi na njia kuu ya Portsmouth. Baada ya majeshi ya Uingereza na Washirika wake kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mazoezi ikawa ya kweli: Wajerumani waliharibu reli walipokuwa wakirudi nyuma, na ndege za Washirika zilikuwa zimeharibu nyingine nyingi kabla.

Ilifungwa lini na kwa nini?

Tarehe 31 Oktoba 1969. Malori na ndege zilikuwa zimechukua nafasi, himaya iliyohitaji reli za mbali ilikuwa imevunjika, na tangu 1965 reli ilikuwa imehamishiwa kikosi cha uchukuzi, Royal Corps of Transport. Sababu hizi zinaeleweka. Kisichoeleweka kirahisi ni kilichofuata.

Wapenzi wa treni walitaka kuichukua iwe reli ya makumbusho, na walikuwa na mali. Mmojawao alikuwa mchoraji David Shepherd, aliyenunua vichwa viwili vya mvuke kutoka reli ya taifa na kuviweka Longmoor mwaka 1968, kikiwemo *Black Prince*. Huyu Shepherd ndiye yule wa picha za tembo. Ujanani alikuja Kenya akitaka kazi ya kulinda wanyamapori, akakataliwa, akaishia mapokezi ya hoteli Malindi. Mpango wa Longmoor ulipata upinzani, hasa kutoka kwa wakazi wa Liss ambao hawakutaka moshi na umati, ukafa. Reli ikang'olewa. Shepherd akahamishia vichwa vyake Cranmore, Somerset. Nadhani Longmoor ilistahili kubaki kuliko reli nyingi zilizookolewa, lakini mimi siishi Liss.

Ni kweli filamu zilipigwa pale?

Ndiyo, maarufu ikiwa ya vichekesho ya 1966 kuhusu wizi wa treni. Mtengeneza filamu angepata wapi reli nyingine yenye vichwa vya mvuke, isiyo na abiria wa kulalamika kwa kuchelewa?

Vichwa vyenyewe viko wapi leo?

*Gordon* iko Severn Valley Railway, kwenye jumba la maonyesho la Highley. *Gazelle*, kichwa kidogo cha 1893 kilichowekwa Longmoor kama pambo, kiko makumbusho ya Tenterden, Kent. Vile 0-6-0 vya Hunslet vimetapakaa kwenye reli za makumbusho Uingereza kote, na kadhaa bado vinavuta abiria.

Kwa aliye Nairobi hakuna haja ya viza. Makumbusho ya Reli yana Garratt za daraja la 59, kama *Mount Gelai*, zilizojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Hazikuwa za jeshi, lakini kanuni ni zilezile: tafuta kioo cha maji kwenye ukuta wa boila, na mlango wa tanuri chini yake.

Naweza kutembelea Longmoor yenyewe?

Kwa kiasi. Barabara kuu ya A3 imepita humo, na vipande vya tuta la zamani bado vinatambulika msituni. Eneo lililobaki ni la jeshi hadi leo, lina viwanja vya shabaha. Soma mabango kabla ya kukata kona yoyote, na bendera nyekundu zikiwa zimepandishwa, usiingie.